Shajara ya mradi: ramani ya kuenea na makazi ya kamba wavamizi katika mito ya Ulaya

Februari. Mipaka ya kazi

Mradi huu unalenga kuchora ramani inayojibu maswali mawili kuhusu kamba wageni wanaovamia mito ya Ulaya: wamepitia njia gani, na wakishafika wanaweza kuishi katika sehemu zipi za mto. Ramani nyingi tulizozipitia zinajibu swali la kwanza peke yake, kwa kuweka nukta mahali kamba alipookotwa pamoja na mwaka wa kuokotwa kwake. Nukta ya namna hiyo humwonyesha msomaji kwamba mtu mwenye wavu alifika hapo siku moja na akapata alichopata. Haimwelezi kwa nini kamba hao wamesongamana kwenye ukingo mmoja ilhali ukingo wa pili, wenye mchanga mtupu, hauna hata mmoja. Msimamo tunaouanzia, ambao data itauunga mkono au kuupinga, ni kwamba njia za meli zinaeleza kasi ya kuenea, lakini mawe ndiyo yanayoeleza wingi.

Spishi tuliyoipa kipaumbele ni Dikerogammarus villosus, ambaye vyombo vya habari vya Ulaya vimezoea kumwita kamba muuaji. Katika uainishaji wa kisayansi mnyama huyu ni amfipodi (kundi la wanyama wadogo wa majini wenye gamba) na wala hayumo katika oda ya Dekapoda, waliko kamba wanaouzwa sokoni. Mwili wake umebanwa ubavuni, umejikunja kama mundu, na urefu wake haupiti sana milimita 30. Asili yake ni mikondo ya chini ya mito inayomwaga maji katika Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, yaani Danube, Dniester, Dnieper na Volga. Katika maeneo hayo chumvi ya maji hupanda na kushuka, na mnyama aliyezoea hali kama hiyo kwa vizazi vingi hababaishwi kirahisi na maji mageni.

Tumeongeza spishi chache za kulinganisha: ndugu yake Dikerogammarus haemobaphes, Gammarus tigrinus kutoka Amerika Kaskazini, Chelicorophium curvispinum anayejenga vijumba vya tope juu ya mawe, na kamba halisi wawili watatu ambao habari yao itakuja baadaye. Bila ulinganisho, kila tabia ya D. villosus ingeonekana kuwa siri ya ushindi wake, hata zile ambazo kila amfipodi anazo.

Machi. Njia

Wataalamu wanaofuatilia wanyama wa eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi hugawa safari zao za kuelekea magharibi katika korido tatu. Korido ya kaskazini huanzia Volga na kupitia mifereji ya Urusi hadi mto Neva na Bahari ya Baltiki. Ya kati huanzia Dnieper, ikafuata Pripyat na mfereji unaouunganisha na mto Bug, kisha ikapita Vistula na Oder hadi kwenye mifereji ya meli ya kaskazini mwa Ujerumani. Ya kusini hupanda Danube, ikavuka hadi Main, ikateremka na Rhine. Tumezichora zote tatu kama tabaka la msingi, lakini kwa D. villosus korido ya kusini ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, na sababu yake ina tarehe.

Mfereji wa Main–Danube ulifunguliwa rasmi Septemba 1992. Una urefu wa kilomita 171 kati ya Bamberg na Kelheim, na kipande chake cha juu kabisa kimefika mita 406 juu ya usawa wa bahari, kwa msaada wa malango 16 ya kuinua na kushusha meli. Ngazi hiyo ya maji ingemshinda mnyama wa sentimita mbili tatu kama angelazimika kuipanda mwenyewe, lakini hapandi. Hupandishwa akiwa amejibanza kwenye ukoga na makome yaliyoganda chini ya meli. Mfereji ulikusudiwa pia kupeleka maji ya Danube upande wa Main, ambako maji ni haba zaidi, kwa hiyo hata mtiririko wenyewe unasukuma kuelekea Rhine. Kati ya mwaka 1994 na 1995 D. villosus alikuwa ameshaonekana katika sehemu ya chini ya Rhine nchini Uholanzi. Kutoka hapo alisambaa katika mtandao wa mifereji inayounganisha Rhine, Moselle, Saône na Rhône, na mwaka 2002 aliandikwa katika ziwa Geneva na ziwa Constance.

Nchini Poland mpangilio wa miaka unafundisha zaidi ya ramani yenyewe. Mto Oder, ulio magharibi, ulipata rekodi zake kabla ya mto Bug, ulio mashariki, ambao uliandikwa mwaka 2003. Mtu anayetazama nukta tu angedhani kamba wametoka Oder kwenda Bug. Ushahidi wa vinasaba, hata hivyo, unatofautisha makundi mawili: la magharibi, lililotokana na Danube na kufika Oder kwa kuzunguka kupitia Ujerumani, na la mashariki, lililoingia kupitia Dnieper. Kwa ajili hiyo tumeamua kwamba mishale ya kuenea haitachorwa na programu kwa kuunganisha rekodi za miaka inayofuatana. Kila mshale utahitaji hoja: mfereji, mkondo, meli au vinasaba.

Mifereji haina upande mmoja. Kamba mdogo Atyaephyra desmaresti, ambaye asili yake ni maji baridi ya eneo la Mediterania, alisafiri kupitia mifereji ya Ufaransa kwenda kaskazini, akaingia Rhine, kisha akautumia mfereji uleule wa Main–Danube kuingia Danube. Alipishana na D. villosus njiani, na hakuna aliyemwandika kwa herufi kubwa magazetini.

Machi, mwishoni. Safari za nchi kavu

Baadhi ya nukta hazikubali kuelezwa kwa maji yanayoungana. Ziwa Constance liko juu ya maporomoko ya Rhine karibu na Schaffhausen, yenye kimo cha takribani mita 23, na meli za mizigo haziwezi kufika huko kwa maji. Ziwa Garda nchini Italia, ambako D. villosus alijulikana miaka ya mwanzo ya 2000, halina njia ya meli inayoliunganisha na Danube wala Rhine. Nchini Uingereza aliandikwa kwa mara ya kwanza Septemba 2010 katika bwawa la Grafham Water, na mwaka huohuo akapatikana Wales, katika ghuba ya Cardiff na bwawa la Eglwys Nunydd. Mwaka 2012 alikuwa pia katika maziwa ya Norfolk Broads. Hizi ni sehemu ambazo watu hupeleka mashua ndogo juu ya trela, huvua samaki kwa starehe na kupiga mbizi.

Tumetumia muda mwingi zaidi kuliko tulivyopanga kusoma majaribio ya kustahimili ukavu, kwa sababu jibu lake linaamua ukubwa wa duara tutakalochora kuzunguka kila ziwa lililovamiwa. D. villosus hafi mara atolewapo majini. Akibaki ndani ya mkunjo wa nguo ya kupigia mbizi, wavu uliolowa, au kati ya makome kwenye kamba ya nanga, anaweza kuishi siku kadhaa maadamu pana unyevu. Jike hubeba mayai katika mfuko ulio kati ya miguu yake, na watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi wao, bila hatua ya lava (mtoto ambaye bado hafanani na wazazi) inayoelea. Kwa hiyo jike mmoja mwenye mayai, aliyesahauliwa ndani ya buti la mvuvi, anatosha kuanzisha ukoo mzima katika ziwa jingine.

Dawa iliyothibitishwa na majaribio ni rahisi mno: maji ya moto ya nyuzi 45 za selsiasi, kifaa kikizamishwa kwa dakika 15, huua karibu kila mmoja. Uingereza iliingiza usafi wa vifaa katika kampeni yake ya mwaka 2011 ya kukagua, kusafisha na kukausha. Kwa ramani yetu hii inamaanisha kwamba hatuwezi kutumia umbali wa kijiografia peke yake kupima hatari. Maziwa mawili yaliyo mbali yanaweza kuwa karibu sana ikiwa wavuvi walewale huyatembelea mwishoni mwa juma, na yaliyo karibu yanaweza kubaki mbali ikiwa moja limefungiwa mashua. Tabaka la safari za starehe limewekwa kwenye orodha, ingawa data yake ni haba na kwa maoni yetu itabaki haba.

Aprili. Kusafisha rekodi

Rekodi zimepakuliwa kutoka hifadhidata za wazi, ikiwemo GBIF (hazina ya kimataifa ya rekodi za viumbe), na zimekuja na matatizo yanayotarajiwa. Rekodi nyingi za zamani hazina viwianishi vya mahali halisi. Zimepewa kitovu cha mraba wa gridi, na kitovu hicho kikiangukia mlimani, kamba wetu huonekana akiishi msituni. Hizo tunazisogeza hadi kwenye mto mkubwa ulio karibu ikiwa jina la mto limeandikwa, la sivyo tunazitoa katika uchambuzi wa makazi na kuziacha katika ramani ya njia tu.

Tatizo zito zaidi ni utambuzi. D. villosus na D. haemobaphes wanafanana kiasi cha kumchanganya mtu aliyewahi kuona Gammarus wa kawaida tu, yaani amfipodi wenyeji wa mito ya Ulaya. Tumepitia picha za hadubini moja baada ya nyingine na kuweka kigezo. Mnyama akilazwa ubavu, sehemu ya nyuma ya mwili, karibu na mkia, huonyesha vinundu viwili vya umbo la koni vilivyosimama mgongoni. Kwa D. villosus koni hizo ni ndefu na kila moja ina miiba mitatu hadi mitano kileleni. Kwa D. haemobaphes ni fupi zaidi, na miiba kwa kawaida ni miwili. Gammarus wenyeji hawana koni hizo kabisa, bali wana vishada vya miiba tu. Rangi haisaidii chochote: D. villosus yuleyule anaweza kuwa na mistari mipana ya kahawia na manjano, madoadoa, au rangi moja iliyokolea, tena katika jiwe moja. Rekodi zisizo na picha wala jina la maabara iliyothibitisha zimewekewa alama ya shaka. Haemobaphes alitambuliwa Uingereza mwaka 2012, katika mto Severn, na tunashuku kwamba sehemu ya rekodi za haraka za miaka hiyo zinachanganya ndugu hawa wawili.

Mfano unaotufanya tusiamini sana ukimya wa data ni wa Gammarus fossarum, amfipodi wa bara la Ulaya aliyekuwa akiishi katika mito ya Uingereza bila mtu kumtofautisha na wenzake, hadi uchunguzi wa DNA ya mazingira, yaani DNA ambayo viumbe huiacha majini, ulipomfichua. Mnyama hakuwa amejificha popote. Alikuwa ndani ya chupa za sampuli zilizoandikwa jina jingine.

Kwa sababu hiyo tumeacha kutumia nukta za nasibu kama mfano wa mahali asipokuwepo. Badala yake, kila sampuli iliyotaja amfipodi yeyote, hata kama si spishi tunayoitafuta, inahesabiwa kuwa ushahidi kwamba mtu alitafuta hapo kwa njia inayoweza kumpata. Uholanzi na Ujerumani zimejaa sampuli za aina hiyo. Sehemu kubwa ya mito ya Belarusi na Ukraini ina chache mno. Tusipoirekebisha tofauti hii, modeli, yaani programu yetu inayokadiria wapi kamba anaweza kuishi, itajifunza tabia za wachukuaji sampuli na kuziita tabia za kamba.

Mei. Mawe

Mwezi huu ndio uliotulipa. Tabaka la aina ya sakafu na kingo za mto, ambalo tuliliona kuwa nyongeza tu, limeyapiku matabaka yote ya joto na mwinuko katika kueleza wapi D. villosus anapatikana kwa wingi. Penye mawe makubwa, kokoto za ukubwa wa ngumi, kuta za bandari na miteremko ya mawe yaliyopangwa kuzuia mmomonyoko, yupo. Penye mchanga unaotembea na tope laini, hayupo au ni wachache. Uchunguzi uliofanywa Flanders, Ubelgiji, ulifikia picha inayolingana na hii: kingo za kujengwa, pamoja na maji yenye oksijeni ya kutosha, ndizo zilizohusiana naye zaidi.

Ukitaka kuelewa kwa nini, litazame jiwe moja kwa karibu. Picha za uwandani tulizozichambua zinaonyesha upande wa chini wa jiwe la ukingo baada ya kugeuzwa: makome pundamilia, Dreissena polymorpha, yameng'ang'ania kwa nyuzi zao, na kati ya kome na kome kuna nyufa zenye upana wa kidole au chini yake. Amfipodi wakubwa wamejibanza ndani ya nyufa hizo, migongo ikielekea jiwe, wakingoja. D. villosus haendi mbali kutafuta. Hukaa na kumkamata apitaye kwa miguu ya mbele, humgandamiza chini ya tumbo na kumtafuna kwa taya zilizo kubwa kuliko za amfipodi wenzake. Kome lenyewe, mvamizi kutoka eneo lilelile la asili, limemjengea nyumba kabla hajafika, na kinyesi chake chenye virutubisho kinaanguka mlangoni.

Umri nao una makazi yake. Wakubwa huchukua mawe, na wadogo hupatikana zaidi kwenye mizizi na mimea ya majini, pengine kwa sababu mnyama anayekula wenzake hawezi kuachiwa watoto karibu. Kutokana na hilo tumegawa tabaka la makazi katika madaraja mawili, la kuzalia na la kukulia, badala ya daraja moja la "panafaa". Kipande cha mto chenye mawe matupu bila mimea yoyote hakipewi alama ya juu kabisa, hata kama sampuli za wakubwa zimejaa, kwa kuwa huenda wanatoka kwingine.

Hapa linakuja jambo ambalo wahandisi wa mito hawatalifurahia. Mto wa nchi tambarare, katika hali yake ya asili, ni mchanga, tope, matete na magogo yaliyoanguka. Mawe makubwa ni machache. Rhine ya chini na mifereji inayoizunguka imevalishwa mawe kwa mamia ya kilomita ili meli zipite na kingo zisibomoke. Kwa maneno mengine, mazingira ambayo D. villosus anayapenda yalitandazwa kwa mkono wa binadamu kutoka Danube hadi Bahari ya Kaskazini, na makome yakayapamba. Laiti kingo hizo zingebaki matete, kamba huyu bado angefika, lakini hatuoni dalili kwamba angekuwa mtawala wa sakafu ya mto.

Usafi wa maji nao umechangia. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, na maji ya kuzimia moto yakaibeba sumu hadi Rhine na kuua viumbe kwa masafa marefu. Mwaka uliofuata Chelicorophium curvispinum alionekana katika Rhine, na miaka michache baadaye mawe ya mto huo yalikuwa yamefunikwa na vijumba vyake vya tope kwa msongamano wa zaidi ya wanyama 100,000 katika mita ya mraba, hata makome pundamilia yakakosa pa kushika. Jitihada za kusafisha Rhine zilipoongeza oksijeni, zilirudisha wenyeji na kuwakaribisha wageni kwa pamoja, na wageni walikuwa karibu zaidi na lango. D. villosus alipoingia, Chelicorophium naye alipungua. Tunaandika mfuatano huu kwa sababu modeli yetu inautendea mto kana kwamba ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, na sivyo.

Juni. Chumvi, joto na mlo

Kwa joto hatuna mengi. D. villosus anaishi katika maji yanayoganda juu wakati wa baridi na anavumilia hadi karibu nyuzi 30, kwa hiyo katika mito mikubwa ya Ulaya tabaka hili halichuji kitu.

Chumvi inahitaji uangalifu zaidi. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba akizoeshwa polepole anaweza kustahimili takribani gramu 20 za chumvi katika lita, na hilo linatosha kumpitisha katika maji ya mdomo wa mto na hata kumfanya mgombea wa kusafiri katika maji ya farumi, yaani maji ambayo meli za baharini hubeba ili zisimame sawa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017, na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yanatajwa mara kwa mara kama mahali pa kulindwa dhidi yake.

Historia ya chumvi na amfipodi ina kisa ambacho tumekiweka katika maelezo ya ramani. Katika bonde la Werra na Weser nchini Ujerumani, taka za migodi ya potashi zilitia chumvi mto hadi Gammarus wenyeji wakatoweka. Mwaka 1957 Gammarus tigrinus, mwenyeji wa pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini, aliachiliwa humo kwa makusudi ili samaki wapate chakula. Alistawi, akatoka, akaenea hadi Uholanzi na Baltiki. Miongo kadhaa baadaye D. villosus alipofika Uholanzi alimkuta huko na kuanza kumla. Katika majaribio aliwaua hata wale ambao gamba lao lilikuwa gumu, ilhali amfipodi wengi hushambulia wenzao katika muda mfupi tu baada ya kujivua gamba. Jike wa Gammarus hupandwa wakati huohuo wa kujivua gamba, kwa hiyo msimu wa kuzaliana ndio msimu wa kuliwa.

Sifa ya uuaji inahitaji kipimo, hata hivyo. Mnyama aliyewekwa katika bakuli la maabara pamoja na mawindo yasiyo na pa kujificha ataua, na mara nyingine ataacha mabaki bila kuyala. Tafiti zilizopima isotopu za naitrojeni katika wanyama wa Rhine na Elbe hazikumkuta juu ya ngazi ya chakula kama mbuai halisi. Alionekana kula mwani, mabaki ya mimea na chochote kilichomfikia. Katika lugha ya ramani, hatuwezi kuweka alama ya athari kubwa kila mahali alipo. Athari iliyo wazi zaidi, ambayo haina mvuto wa magazeti, ni majani: Gammarus wenyeji huyararua majani yaliyoanguka majini na kuwalisha wengi walio chini yao, na D. villosus anafanya kazi hiyo kwa kiwango kidogo. Mto unaweza kupoteza mashine yake ya kusaga majani bila mtu kuona hata mnyama mmoja aliyeuawa.

Tumeongeza pia safu ya vimelea. Katika bara la Ulaya D. villosus alihama pamoja na kimelea chake cha kundi la mikrosporidia, Cucumispora dikerogammari. Uchunguzi wa wale wa Uingereza haukukikuta, na huenda hilo ni sehemu ya sababu ya wingi wao. Kwa hiyo msongamano wa Uingereza usitumiwe kutabiri msongamano wa Poland, wala kinyume chake.

Julai. Kamba halisi na swali la lava

Tulipojaribu kuiendesha modeli ileile kwa kamba wa Dekapoda, ilitoa majibu yasiyo na maana, na sababu ni uzazi. Macrobrachium rosenbergii, kamba mkubwa anayefugwa katika nchi nyingi za joto na ambaye hutoroka mabwawani, huishi maji baridi akiwa mkubwa, lakini lava wake hawakui bila maji yenye chumvi kiasi. Akitorokea mto ulio mbali na bahari, au uliozibwa na bwawa katikati, ataonekana miaka michache kisha kutoweka kwa kuzeeka. Nukta yake ya ramani ni ya mtoro, na bila mdomo wa mto unaofikika haiwi ya makazi.

Neocaridina davidi ni kinyume chake. Kamba huyu mdogo wa mapambo, maarufu kwa wafugaji wa samaki katika matangi ya vioo, asili yake ni mashariki ya Asia, na watoto wake hutoka mayai wakiwa na umbo kamili. Ameshaweka makazi Hawaii na Japani. Katika Ujerumani anaishi katika kijito cha Gillbach, kinachopokea maji ya moto kutoka kituo cha kuzalisha umeme na kuingia mto Erft. Huko kizuizi si chumvi wala mawe. Ni joto, na joto hilo linatoka kwenye bomba. Makazi yake yote kwenye ramani ni mstari mfupi unaoanzia kituo cha umeme, na siku mtambo utakapozimwa mstari huo utafutika au utapimwa upya.

Kutokana na hayo tumeweka swali la uzazi kabla ya tabaka lolote la mazingira. Spishi isiyo na lava inaingizwa katika modeli ya mto mzima. Spishi yenye lava wa maji chumvi inachujwa kwanza kwa njia ya kufikia bahari. Ni hatua ndogo katika msimbo, lakini imeondoa sehemu kubwa ya rangi nyekundu ya hatari ambayo ingemtisha msomaji bure.

Agosti. Vijito na vizingiti

Toleo la kwanza la ramani limekamilika kwa Danube ya juu, Main, Rhine na Moselle. Linaonyesha jambo moja tulilolitarajia na moja linalotusumbua. Tulilolitarajia ni kwamba D. villosus ameshika mito mikubwa na maziwa, na hupungua ghafla kadiri mtu anavyopanda vijito. Mkondo wenye nguvu, kukosekana kwa meli na uhaba wa mawe yenye makome vinaelekea kumzuia, na katika vijito hivyo ndimo Gammarus wenyeji walimobaki.

Linalotusumbua ni vizingiti vidogo vya zamani vilivyojengwa kukata mito hiyo midogo. Samaki wanaohama wanavihitaji vivunjwe, na nchi nyingi za Ulaya zimo katika kazi hiyo; lakini kizingiti kilekile kinachomzuia samaki huenda ndicho kinachomzuia kamba anayetambaa kutoka mtoni kwenda juu. Maoni ya kundi letu yamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba kijito chenye mkondo wa kasi kitajilinda chenyewe hata kizingiti kikiondolewa, na rekodi za vijito visivyo na kizingiti, ambavyo bado havijavamiwa, zinawaunga mkono kwa sehemu. Mwandishi wa shajara hii anaelekea upande huo, kwa sharti kwamba kingo za kijito zisivalishwe mawe wakati wa kuondoa kizingiti, maana desturi ya wakandarasi ni kumwaga mawe makubwa kuimarisha kingo zilizolegea, na hapo tutakuwa tumemtandikia.

Kazi ya mwezi ujao ni kuweka tabaka la vizingiti vya matawi ya Moselle, tukitenganisha vilivyopo, vilivyokwisha ondolewa na vilivyopangiwa kuondolewa, na kando ya kila kimoja kuandika aina ya ukingo kwa kila mita mia, chini na juu yake. Pale ambapo picha za angani hazitofautishi kokoto na jiwe la kujengwa, sehemu itaachwa wazi hadi apatikane mtu wa kwenda kuitazama.